Mafungo ya kutambua wito, Bagamoyo: siku nne bila jibu la haraka

Mwezi wa Juni, shule zilipofungwa, nilihudhuria mafungo ya siku nne, yaani siku za kujitenga kwa sala na ukimya, yaliyoandaliwa Bagamoyo kwa ajili ya watu wanaodhani kwamba Mungu anawaita katika huduma ya Kanisa, wawe wanaelekea upadre, utawa, uchungaji, uinjilisti au kazi nyingine ya kulitumikia Neno. Naandika tathmini hii kwa sababu nilipokuwa nikitafuta mahali pa kwenda sikupata maelezo ya mtu yeyote aliyekwisha kupita huko, nikalazimika kuyategemea maneno ya mchungaji wangu peke yake. Tena huduma za namna hii zimekuwa nyingi, na mara kwa mara nakutana na tangazo la semina inayoahidi kwamba mshiriki atatoka akiwa ameujua wito wake. Mafungo haya hayakuahidi hivyo, na hiyo ndiyo sifa yake ya kwanza. Nyumba yenyewe na waandaaji sitawataja kwa jina, kwa kuwa zipo kasoro nitakazozieleza, nami nimekwisha kuwaeleza wahusika ana kwa ana wakanisikiliza. Nafasi hutangazwa kupitia parokia na sharika, na anayetaka kwenda hana budi kuanzia huko.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Tanga, nina umri wa miaka 36, nimeolewa na tuna watoto wawili. Nimelelewa katika Kanisa la Kiinjili la Kilutheri. Bibi yangu mzaa mama alikuwa mtu wa Mlalo, huko Usambara, ambako wamisionari wa Kilutheri walifungua kituo mwaka 1891, naye alipenda kutusimulia habari za Lwandai, mahali ilipoanzishwa shule ya theolojia mwaka 1947 kabla haijahamishiwa Makumira mwaka 1954. Kwake yeye wachungaji hawakuwa watu wa mbali. Walikuwa vijana waliopita mlangoni pake wakiomba maji ya kunywa, huku wakibishana juu ya masomo yao. Wote, hata hivyo, walikuwa wanaume. Kanisa letu lilianza kuwabariki wanawake kuwa wachungaji mwanzoni mwa miaka ya 1990, nami wa kwanza kumwona kwa macho yangu, amevaa joho na kola, nilimwona nilipokuwa kidato cha pili. Tangu siku ile wazo limekuwa likija na kuondoka, likinijia zaidi ninapofundisha kipindi cha dini au ninapoketi na mfiwa, na kila lilipokuja nililipa jina tofauti: mara uchovu wa kazi, mara tamaa ya cheo, mara sauti ya Mungu. Nilikwenda Bagamoyo ili nijifunze kuyatofautisha hayo matatu.

Mambo ya safari na malazi nitayapitia upesi. Kutoka Tanga nilipanda basi la Dar es Salaam nikashuka Msata, nikachukua gari dogo hadi Bagamoyo mjini, kisha bodaboda. Ada ilikuwa shilingi 180,000 kwa siku zote nne, pamoja na chakula na chumba cha peke yangu, na aliyeshindwa kulipa yote aliruhusiwa kueleza hali yake bila kuhojiwa. Chumba kilikuwa kisafi, chenye kitanda, meza, kiti na dirisha linaloelekea minazini; chandarua kilikuwa na tundu, nikalifunga kwa uzi. Chakula kilikuwa cha nyumbani: uji na mihogo asubuhi, wali wa nazi na samaki mchana. Simu zilikusanywa kikapuni jioni ya kwanza, ila sisi wenye watoto tuliruhusiwa dakika kumi kila siku baada ya chakula cha usiku.

Tulikuwa washiriki 17: vijana wengi waliomaliza kidato cha sita, wauguzi wawili, fundi seremala, katekista aliyekitumikia kigango chake kwa miaka mingi, na sisi Waprotestanti wanne. Baada ya sala ya asubuhi tulipewa somo moja la Biblia na maswali mawili au matatu yaliyoandikwa kwa mkono, tukatawanyika chini ya miti na barazani, tukakaa kimya mpaka adhuhuri. Mchana kila mshiriki alikuwa na saa moja na msindikizaji wake, yaani mtu aliyepangiwa kumsikiliza na kumwongoza. Hapakuwa na mahubiri marefu, na kwa siku mbili za mwanzo sauti kubwa kuliko zote niliyoisikia ilikuwa kengele ya chakula.

Msindikizaji wangu alikuwa sista mzee, mwalimu mstaafu kama nitakavyokuwa siku moja. Siku ya kwanza nilimkuta kwenye baraza ya nyuma, karibu na jiko, amekaa mkekani na ungo wa mchele mapajani. Nikamwamkia, "Shikamoo, Sista." Akaitikia, akanisogezea kigoda, akaendelea kuchambua. Nilidhani atauweka ungo kando ili tuanze, lakini hakufanya hivyo. Alinisikiliza muda wote huku vidole vyake vikitenga chuya na vijiwe, na punje mojamoja zikidondokea mkekani. Nilipofika mahali pa kusema, "Mungu ameniambia niache ualimu," vidole vikasimama. Akaniuliza kwa upole, "Alikuambia lini, mwanangu, na ulikuwa unafanya nini?" Nikatafuta jibu nisilipate. Maneno yale sikuwa nimeyapata katika sala yangu. Nilikuwa nimeyasikia mara nyingi katika shuhuda za watu wengine, nikayavaa kama nguo ya kuazima. Sista akaniomba kwamba kwa siku zilizobaki nisiseme "Mungu ameniambia", bali niseme nimeona, nimetamani, nimeogopa, nimefurahi, kila jambo kwa jina lake. Zoezi hilo peke yake, ambalo lilinitesa kuliko nilivyotarajia, linatosha kuhalalisha ada niliyolipa.

Siku ya pili aliniuliza mume wangu anasemaje. Nikamjibu kwamba amekubali, na ndiyo maana yuko nyumbani na watoto. Akauliza tena kama amekubali mimi nije mafungoni, au amekubali kuwa mume wa mchungaji, ahame mkewe anapohamishwa, akae katika nyumba ya usharika, na watoto wake watazamwe na kila mtu. Nikanyamaza. Mume wangu nilikuwa nimemtaarifu, sikuwa nimemuuliza. Katika semina nilizowahi kuhudhuria, wito huzungumzwa kama jambo la mtu na Mungu wake tu, na familia hutajwa kwa nadra, tena kama kikwazo kinachopaswa kushindwa kwa njia ya maombi. Sista ambaye hakuwahi kuolewa ndiye aliyenionyesha kwamba sauti ya mume wangu ni miongoni mwa zile ninazopaswa kuzisikiliza.

Somo la asubuhi ile lilikuwa habari ya Samweli kule Shilo. Nimeifundisha darasani kwa miaka 12, na siku zote nimeifundisha kama habari ya mtoto mtiifu. Safari hii, nikiwa nimekaa chini ya mkorosho, nilimtazama Eli. Ni mzee, macho yake yamefifia, nyumba yake imeharibika kwa sababu ya wanawe, na mara mbili mtoto anamjia usiku naye haelewi kinachotendeka. Ni mara ya tatu ndipo anapotambua. Na alipotambua hakumtangazia Samweli kwamba ameitwa, wala hakumpangia kazi. Alimwambia arudi akalale, na akiitwa tena aseme kwamba mtumishi anasikia. Naona sasa kwamba huduma njema kwa mtu anayetafuta wito wake ni hiyo: kumrudisha alipokuwa, ukiwa umempa neno moja la kusema, na kuuacha wito wenyewe kwa Yeye anayeita. Sehemu kubwa ya mafungo haya imejengwa hivyo.

Alasiri tulikwenda kwa miguu hadi misheni ya kale ya Wakatoliki, tukapita katika njia yenye miembe mikubwa pande zote mbili. Wageni wengi huenda pale kutazama mnara wa kanisa la zamani, mahali ulipolazwa mwili wa David Livingstone mwezi Februari 1874 kabla ya kuvushwa kwenda Zanzibar. Sisi tuliupita mnara tukaenda makaburini. Wamisionari wa Shirika la Roho Mtakatifu walifika Bagamoyo mwaka 1868, na misalaba ya pale ni ushahidi wa wengi wao waliokufa kwa homa wakiwa bado vijana, wengine muda mfupi tu baada ya kushuka pwani. Padre kijana aliyetuongoza hakututaka tuusifu ushujaa wao. Alituuliza kwamba, kama ungejua utahudumu mwaka mmoja tu kisha ufe, na kazi yako isionekane popote, je, bado ungeuita huo wito? Kisha akatuacha tukae katikati ya makaburi kwa nusu saa.

Palepale alitusimulia habari za François Libermann, aliyelihuisha shirika hilo. Alizaliwa mwaka 1802 katika nyumba ya rabi huko Alsace, Ufaransa, akabatizwa mwaka 1826, akaingia seminari, na alipokaribia kupewa daraja akapatwa na kifafa. Kwa sheria ya Kanisa ya wakati ule ugonjwa huo uliufunga mlango. Hakufukuzwa, wala hakuondoka. Alibaki katika nyumba za malezi kwa zaidi ya miaka kumi akifanya kazi ndogondogo na kuwasaidia wanafunzi wengine, akiwaona wanapadrishwa mmoja baada ya mwingine, hadi yeye mwenyewe alipopata upadre mwaka 1841. Alifariki mwaka 1852, miaka 16 kabla ya watu wa shirika lake kuteremka Bagamoyo. Katekista aliyekuwa karibu nami, ambaye siku ya kwanza alitueleza kwamba alikataliwa seminari akiwa kijana, alivua kofia yake akaishika kwa mikono miwili mpaka masimulizi yalipokwisha.

Liko jambo jingine lililosemwa pale, na nawapongeza waandaaji kwa kutolificha, nalo ni habari ya watoto. Misheni ilikomboa watoto kutoka katika utumwa, ikawalea, ikawafundisha kilimo na ufundi, na baadhi yao ikawaelekeza kwenye masomo ya upadre. Waliowataka wawe mapadre ndio waliowalisha, waliowavisha na waliowafundisha kusoma. Mapadre wa kwanza wazaliwa wa Tanganyika walipewa daraja mwaka 1917, nao walitoka upande wa Ziwa Victoria, si katika kituo hiki ambacho wakati huo kilikuwa na karibu miaka 50. Sitaki kulirahisisha jambo hilo, kwa maana Cecil Majaliwa, Myao aliyekombolewa akiwa mtoto na kusomeshwa na Waanglikana Zanzibar, alipata ukasisi mwaka 1890 na akautumikia. Hata hivyo mtoto anayekula kwa mkono wa anayemwita hawezi kwa urahisi kujua kama "ndiyo" yake ni yake. Nilipokuwa nikirudi chini ya miembe ile niliwakumbuka wanafunzi wangu wawili au watatu, wapole na wenye akili, ambao kwa miaka nimekuwa nikiwaambia mbele ya wenzao kwamba watakuwa wachungaji. Niliona aibu, nami nimeacha.

Siku ya tatu tulifundishwa kidogo njia ya Inyasi wa Loyola, mwanajeshi aliyejeruhiwa Pamplona mwaka 1521, ambaye alipokuwa kitandani aliona kwamba mawazo mengine yalimfurahisha kwa muda kisha yakamwacha mkavu, na mengine yakamwachia amani iliyodumu. Tulipewa maneno mawili, faraja na ukavu, na kanuni moja: usibadili wakati wa ukavu uamuzi uliouweka wakati wa faraja. Kisha tukaagizwa kuandika mambo tuliyoyatenda katika miaka ya karibuni na hali ya moyo iliyobaki baada yake, si wakati wake. Nilipoandika niliona kwamba kujiwazia nikihubiri mbele ya umati kulinifurahisha kwa muda wa kikombe cha chai. Lakini asubuhi moja wodini, miaka mitano iliyopita, nilipomshika mkono mama wa mwanafunzi wangu hadi alipokata roho, imebaki nami kama mahali pa utulivu ambapo naweza kurudi wakati wowote. Kabla ya siku ile ya tatu sikuwahi kuyaweka hayo mawili katika karatasi moja.

Nimeeleza haya kwa urefu ili uzito wa kasoro ya usiku huohuo ueleweke. Baada ya chakula aliletwa mhubiri mgeni asiye wa timu ya wasindikizaji, kimya kikavunjwa, kinanda na kipaza sauti vikaingizwa ukumbini, na kwa saa mbili tulihimizwa kusimama mmojammoja na kutangaza mbele ya wote wito tulioupokea. Waliobaki wameketi waliambiwa kwamba wanamzimisha Roho. Kijana mmoja wa miaka 19, ambaye siku zote tatu alikuwa mkimya kuliko sisi sote, alisimama akilia, akasema kwamba ameitwa kuwa padre, na ukumbi ukajaa makofi na vigelegele. Asubuhi nilimkuta kwenye bomba la maji akiosha kikombe kilekile kwa muda mrefu. Akaniambia, "Mwalimu, mimi sijui kama nilichokisema ni kweli, na paroko wangu ameshapigiwa simu." Sikuwa na neno la kumpa, nikampeleka kwa sista.

Hilo ni kosa zito, na silisemi kwa sababu sipendi nyimbo au machozi. Usharika wangu unaimba kwa sauti na mimi ni mwanakwaya. Ni kosa kwa sababu lilibomoa usiku mmoja kazi ya siku tatu. Tulikuwa tumefundishwa kungoja, kuita kila hisia kwa jina lake, kutofanya "ndiyo" kwa kuwafurahisha wanaotutazama, kisha tukawekwa mbele ya macho ya watu tuseme "ndiyo" palepale. Nilipowauliza waandaaji walinijibu kwamba washiriki wa miaka ya nyuma walilalamika kuwa mafungo yana ukimya mno. Niliwaambia, kwa heshima, kwamba kwa kazi wanayoifanya malalamiko hayo ni sifa. Waliahidi kulitafakari.

Kasoro ya pili ni ndogo zaidi lakini inawagusa wengi. Siku ya nne njia za malezi zilielezwa vizuri kwa Wakatoliki: masomo ya falsafa na theolojia, unovisi, yaani kipindi cha majaribio katika utawa, usiopungua miezi 12, nadhiri za muda zisizopungua miaka mitatu kabla ya nadhiri za daima, na umri wa miaka 25 ambao sheria ya Kanisa inautaka kabla ya mtu kupadrishwa. Yule kijana alipolisikia hilo la mwisho alihesabu kwa vidole, na nikaona mabega yake yakilegea kama ya mtu aliyetuliwa mzigo. Sisi Waprotestanti tulipewa nusu ukurasa, usio na neno lolote juu ya mwenye ndoa, wala juu ya ukweli kwamba kwetu mtu hajipeleki chuo cha theolojia kwa hiari yake, bali hupendekezwa na usharika na kupelekwa na dayosisi. Ingetosha kumwalika mchungaji mmoja kwa saa moja.

Pamoja na hayo nayapendekeza mafungo haya, hasa kwa mtu ambaye wazo la utumishi limemrudia kwa miaka na amechoka kulizungumza na nafsi yake tu. Anayetaka kuthibitishiwa alichokwisha kukiamua atarudi amekata tamaa, na aliye katika msiba mpya au aliyepoteza kazi juzi ni afadhali angoje, maana ukimya ule ni mzito kwa moyo ambao bado unatoka damu. Kijana aende na mtu mzima anayemfahamu. Mwenye ndoa azungumze kwanza na mwenzake, kwa kuuliza. Usiku wa tatu, kama bado upo kwenye ratiba, mtu anaweza kubaki chumbani bila kuomba ruhusa. Wawili kati yetu walifanya hivyo na hakuna aliyewasumbua.

Nilirudi Tanga na karatasi zangu nne. Nilimpa mume wangu azisome kabla ya mtu mwingine, kisha nikamuuliza, akaniomba nimpe muda mpaka Krismasi. Mchungaji alizisoma zote akiwa amesimama, akazikunja, akaziweka katika mtoto wa meza, asiseme kwamba nimeitwa wala kwamba sikuitwa. Aliniomba niungane na akina mama wanaotembelea wagonjwa kila Alhamisi jioni, na kwamba tuzungumze tena mwaka ukielekea mwisho. Alhamisi iliyopita tulikwenda nyumba tatu za Chumbageni. Wiki hii ni zamu ya Ngamiani.